Kisu Kilichowekwa Chini

Nyumbani kwetu Mpitimbi kisu hakipokelewi mkononi. Mwenye nacho anakiweka chini, kwenye kigoda, kwenye mkeka, popote pale, anaondoa mkono wake, ndipo mwingine anakichukua. Mkipokezana mkono kwa mkono mtagombana, alisema mama yangu, na mama yangu hakuwa mtu wa kubishiwa. Nimeishi mjini Songea zaidi ya nusu ya umri wangu, nimewashonea magauni wake za wakubwa, nimekaa kanisani nikasikia mahubiri mengi juu ya miiko ya wazee, lakini hadi leo ukininyooshea kisu nitakutazama tu mpaka mkono wako uchoke.

Mume wangu aliujua mwiko huo kwa kuaibika. Siku aliyokuja kwetu kujitambulisha, yeye na wazee wake kutoka Madaba walileta kuku wawili waliofungwa miguu. Mama akatafuta kisu cha kukatia kamba. Kijana wa watu, kwa adabu zote, akatoa kisu chake cha kukunja mfukoni, akakifungua, akashika upande wa makali ili mpini umwelekee mama. Mama akakunja mikono. Wajomba zangu wakaanza kutazama paa. Alisimama hivyo, mkono umenyooka, jasho linamtoka, mpaka shangazi yangu akamnong'oneza, "Weka chini, baba." Akakiweka chini. Mama akakiokota, akakata kamba, akakirudisha chini pale pale, na mazungumzo ya mahari yakaendelea.

Tangu siku hiyo kila aliponipa kisu alikiweka chini kwa madaha, akarudi hatua mbili nyuma na kuinamisha kichwa. Nilimwambia aache kunichekea mila zetu. Hakuacha, na ukweli ni kwamba sikutaka aache.

Kisu chenyewe alikirithi kwa baba yake. Bapa lake lilikuwa refu kuliko kidole changu cha kati, jembamba, lenye ncha ambayo aliitumia kutoboa mikanda na kuwatoa miba watoto wa majirani, maana sisi Mungu hakutujalia wa kwetu. Mpini ulikuwa wa pembe, mabamba mawili ya rangi ya uji wa ulezi. Bamba moja lilikuwa na kibonde kidogo pale ambapo kidole gumba cha baba yake, na baadaye chake, kilikaa miaka yote hiyo. Springi yake ilikuwa na nguvu. Jioni, akiwa anawaza jambo, alikifungua na kukifunga, kukifungua na kukifunga, tak, tak, huku mimi niko kwenye cherehani.

"Acha kelele hizo," nilikuwa namwambia. "Nitakosea mshono."

"Mshono unaushona kwa masikio?"

Alikuwa akiacha kidogo, halafu anaanza tena.

Kazi yake ilikuwa kwenye ghala la tumbaku. Kisu hicho ndicho alichokatia kamba za marobota wakulima wa Namtumbo walipoleta tumbaku yao kupimwa, na alirudi nyumbani ananuka tumbaku mpaka mito yetu nayo ikanuka. Nililalamika sana juu ya harufu ile. Nilikuwa mwanamke wa kulalamika, na bado niko hivyo, ila siku hizi sina wa kumlalamikia.

Halafu ikaja miaka ya ruksa. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo tulivyosema sote: siku hizi kila kitu ruksa. Maduka ambayo tulizoea kuyakuta na viberiti na chumvi tu yakajaa sabuni za kunukia, redio za kaseti, vitenge vya kila rangi. Nilifurahi kama watu wengine, mpaka mitumba ilipofika sokoni kwetu. Nani ashonewe gauni wakati kuna gauni la Ulaya limetundikwa kwenye kamba? Wateja wangu wakaanza kuniletea suruali na makoti yaliyowazidi, niwapunguzie. Kiuno nipunguze, mikono nipunguze, urefu nipunguze. Kutoka mshonaji nikawa mpunguzaji.

Wanunuzi binafsi wa tumbaku nao wakaja, wana magari yao na watu wao, na ghalani wakapunguza wafanyakazi. Jioni moja mume wangu alirudi mapema, akakaa, akasema, "Wamenipunguza."

Na mimi, kwa ulimi wangu huu, nikasema, "Basi sasa nyumba nzima tunaishi kwa kupunguza."

Nilidhani atacheka. Zamani angecheka. Aliinuka, akaenda kukaa nje. Sikumfuata kumwambia samahani. Nilijisemea kwamba hasira zake zitapoa zenyewe, nikamalizia suruali ya mtu.

Asubuhi yake alitaka kwenda kuulizia kazi kwa wale wanunuzi, akakuta tairi la nyuma la baiskeli limeisha upepo. Chuma cha kutolea tairi alikuwa amemwazima jirani. Akachomeka kisu kati ya tairi na ringi, akakilaza kwa nguvu. Nilikuwa nimesimama mlangoni na nilitaka kumwambia kitavunjika, lakini nikakumbuka maneno yangu ya jana, nikaona ninyamaze. Katika maisha yangu sikumbuki mara nyingine niliyonyamaza kwa busara, na hiyo moja nilikosea. Kisu kikakatika, ncha yote na kipande kizuri cha bapa vikarukia kwenye majani. Akakishika kilichobaki na kukibamiza kwenye jiwe. Bamba la pembe likapasuka, lile lisilo na kibonde, na pini iliyoshika bapa ikapinda.

Kazi hakupata. Wakati huo mjini hapakuwa na habari nyingine isipokuwa mawe ya Tunduru. Kila mtu alikuwa na shemeji ambaye shemeji yake ameokota jiwe la buluu akajenga nyumba. Mume wangu, mtu aliyekuwa akipima robota la tumbaku mara mbili kabla ya kuandika, akaamua kwenda kuchimba.

Siku ya kuondoka lori lilikuwa linamngoja barabarani. Alikuwa na kibegi kimoja na blanketi. Mimi nilitafuta neno la kumwambia, nikapata hili tu: "Na kisu chako?"

Alikitoa mfukoni, akakitazama, akakiweka mezani, akaondoa mkono. Safari hii hakurudi nyuma hatua mbili wala kuinamisha kichwa.

"Kitanifaa nini," alisema. "Kimekatika."

Akatoka. Nikasikia lori linaondoka, nikakiokota. Kwetu kisu kilichowekwa chini mbele yako hakiachwi hapo. Kukiacha ni kumkataa aliyekiweka.

Upweke wangu haukuwa wa kulia. Ulikuwa wa kupika ugali mwingi. Wiki nzima ya kwanza nilipima unga wa watu wawili, na kila siku nikala kiporo asubuhi kwa hasira. Nyumba yetu ya Mshangano ilikuwa pembeni, mahindi ya watu yameizunguka pande tatu, na mahindi yakikauka yanasema usiku na mchana. Kabla ya hapo sikuwahi kuyasikia. Nilifungua redio ili kuwe na mtu anayeongea, halafu nikaifunga kwa sababu mtu huyo hakuwa anaongea na mimi.

Barua ya kwanza ililetwa na dereva. Ilisema amefika salama, mawe hayajaonekana, nisalimie majirani. Ya pili ilisema hayo hayo kwa ufupi zaidi. Ya tatu haikuja. Akaja mtu tunayefahamiana naye, akaniambia alimwona Tunduru mjini, yu mzima kabisa, tena amenenepa. Nilimshukuru kwa habari njema. Alipoondoka nikakaa nikajiuliza ni nani anayempikia.

Hapo ndipo nilipokitoa kisu kwenye droo ya cherehani. Sitaki kujifanya nilikuwa na mpango mkubwa. Nilijiambia hivi: huyu mtu atarudi, hata kama ni siku moja, na akirudi nitamwekea kisu chake mezani kikiwa kizima. Atakiokota. Hatanilazimisha kusema samahani kwa mdomo, maana mdomo wangu haujazoea, lakini ataona kwamba miezi yote hiyo kulikuwa na mtu amekaa hapa akimfikiria. Hicho ndicho nilichokitaka, na nilikitaka kiasi cha kukosa usingizi.

Nililoweka kisu kwenye mafuta ya taa siku tatu mpaka kutu ikalegea, kisha nikakipeleka sokoni kwa mnoaji wa baiskeli. Huyu alikuwa na baiskeli iliyosimamishwa kwenye stendi yake, akikanyaga pedeli jiwe la kunolea linazunguka mbele ya usukani. Alikigeuza geuza kisu changu.

"Mama, hiki si ununue tu kipya? Pale dukani vimejaa, vinang'aa kabisa."

"Nimekuuliza habari za dukani?"

Akacheka, akakanyaga. Cheche zikaruka. Kabla sijamaliza kumtazama, pale kisu kilipokatikia pakageuka rangi, kwanza njano, kisha buluu ya shingo ya njiwa. Sikujua maana yake, lakini mshonaji anajua kitu kilichoungua hata kama si kitambaa. Nikamwambia aache. Aliacha na kukiweka kisu kwenye ndoo yake iliyopinduliwa, nami nikakiokota nikaondoka nacho kabla hajaniuliza chochote.

Nikakipeleka kwa mzee mmoja jirani yetu, fundi wa vyuma. Ujanani alifundishwa kazi misheni, kwenye karakana, na wakati huo alikuwa anaziba sufuria na kufufua kufuli zilizokufa. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Nilimwamkia shikamoo, nikaweka kisu kwenye benchi lake.

"Marahaba, mwanangu. Hii chipula ya nani?" Mama yake alikuwa Myao, na vitu anavyovipenda aliviita kwa lugha ya mama yake.

"Ya mume wangu."

Alipapasa ile buluu kwa ukucha. "Wamekuunguzia. Chuma kikifika rangi hii kimelainika, makali hayakai. Hapa pote inabidi patoke."

"Kitakuwa kifupi."

"Tayari ni kifupi, mama. Mwenyewe yuko wapi?"

"Tunduru."

"Anajua kama unakitengeneza?"

"Hajui."

Alikigeuza upande wa pili. "Nakwambia mapema," alisema. "Ukimaliza, kitakuwa kisu kizuri. Lakini kitakuwa kingine."

Nilisikia alichosema, ila sikukiweka maanani. Nilidhani anatafuta visingizio vya uzee. Aliniambia pia kwamba hatanifanyia, macho yake hayaoni tena kazi ndogo, ila nikitaka nije jioni nitumie jiriwa na tupa zake, naye atasikiliza. Kweli alisikiliza. Alikaa kwenye kigoda chake akinipa kisogo, na kwa mlio wa tupa peke yake aliweza kusema, "Unaivuta, tupa haivutwi, isukume," au, "Umeegemea kushoto."

Jioni zangu zikapata mahali pa kwenda. Nilifunga cherehani, nikajitanda khanga, nikashuka kwa mzee. Jirani mmoja aliniuliza kama siku hizi najifunza uhunzi, nikamjibu nimechoka kupunguza suruali, sasa napunguza visu. Yeye alicheka.

Kazi ya kuchonga ncha upya ilinifundisha kitu ambacho sikukijua. Mimi nilianza kama mtu anayechonga penseli, natoa upande wa makali. Mzee akasikia, akainuka kwenye kigoda chake.

"Hapana. Toa mgongoni. Makali usiyaguse."

"Kwa nini?"

"Kikunje."

Nikakikunja. Ncha mpya, badala ya kulala ndani ya mpini, ilichungulia nje kwa upana wa punje ya mchele.

"Mwenye nacho akikitia mfukoni kitamchoma paja," alisema mzee. "Kisu cha kukunja unakiandalia kwanza mahali pa kulala."

Ikabidi nitoe mgongoni, na kutoa, na kutoa, nikichovya kwenye maji kila mara kisipate moto, mpaka ncha ikashuka na kujificha. Nilimaliza wiki tatu kwenye hilo. Bapa lililokuwa refu na jembamba likawa fupi na pana, mgongo wake umeinama mbele. Lilikuwa zuri, nasema mwenyewe. Halikufanana na lile la kwanza hata kidogo, ila kwa kuwa nililiona kila siku likibadilika kidogo kidogo, mimi sikuona kwamba limebadilika.

Kuhusu mpini nilikuwa na msimamo. Bamba lililopasuka liende, lakini lile lenye kibonde cha kidole libaki. Mzee hakubishana nami. Tulibana kisu kwenye jiriwa, nikaanza kutoa taratibu ribiti za zamani zilizoshikilia mabamba, nagonga msumari kwa nyundo ndogo. Ribiti ya pili ilikuwa imeshikana na pembe kwa kutu. Nikagonga mara moja zaidi. Bamba zima likapasuka katikati, kwenye kibonde chenyewe.

Nililia pale. Sikulia siku ya lori, wala siku ya habari za kunenepa, nikalia kwa sababu ya kipande cha pembe mbele ya mzee wa watu. Yeye alikaa tu. Baadaye akasema kwamba pembe ikizeeka ndivyo ilivyo, hata kama ningeiacha ingepasuka mfukoni mwake. Nilivikusanya vile vipande, nikavipeleka nyumbani, nikavitia kwenye kopo langu la vifungo pamoja na ncha iliyokatika, ambayo nilikuwa nimeiokota kwenye majani wakati napalilia.

Mabamba mapya niliyachonga kwa kipande cha mpingo nilichopewa na seremala. Mpingo ni mti mkaidi, tupa inateleza juu yake na unga wake mweusi unaingia kwenye kucha hautoki. Niliposhona nguo nyeupe siku hizo ilibidi nioshe mikono kwa limau. Nilipofika kwenye msasa nikataka kukirudisha kile kibonde. Nilijua kilikuwa upande gani na kimo gani. Nikachonga kidogo, nikajaribu kwa kidole gumba, nikachonga, nikajaribu, mpaka kidole kikakaa vizuri kabisa. Sikufikiria kwamba kidole nilichojaribia ni changu.

Pini na ribiti tulikata kwenye waya mnene wa shaba. Mzee alinifundisha kuweka karatasi nyembamba kati ya bapa na bamba wakati wa kugonga pini, ili ukishaivuta karatasi pabaki nafasi ya kisu kufunguka. Nilitumia karatasi yangu ya kukatia ruwaza za magauni, ambayo haikuwa na kazi nyingine tena. Springi tuliisafisha, nikaitia mafuta ya cherehani. Nikakifungua. Nikakifunga.

Hakikusema tak. Kwa sababu ya mpingo kilisema tok, sauti nzito ya chini.

"Kimepona," alisema mzee, na kwa mara ya kwanza akageuka kunitazama, ingawa sijui aliona nini. Nilitaka kumshukuru kwa kitu, akakataa, akasema nilikuwa nimemletea jioni. Baada ya hapo nilienda kumwamkia mara chache, lakini bila tupa hatukuwa na la kuzungumza. Kabla mwaka haujaisha watoto wake walikuja wakamchukua, akaishi nao Njombe.

Nilikaa na kisu miezi mingi. Sikukitumia. Nilikifuta mafuta Jumamosi na kukirudisha kwenye droo.

Mume wangu alirudi kiangazi cha pili, alasiri. Alibisha hodi na kungoja nje nimkaribishe. Mtu mwenye nyumba hubisha hodi huku anaingia. Huyu alisimama pale mlangoni mpaka nikasema karibu. Alikuwa amenenepa kweli. Alikuwa na shati jipya na saa mkononi, na hakunuka tumbaku. Aliuliza habari za hapa. Nikasema za hapa nzuri. Alikaa kwenye kiti cha wageni, labda kwa sababu chake nilikuwa nimekirundikia nguo za watu.

Hakuzunguka. Alisema amekuja kuchukua baiskeli, kule alipo umbali ni mrefu na anaihitaji. Lori linarudi alfajiri. Atalala kwa rafiki yake aliyekuwa naye ghalani, yuko karibu na stendi. Alisema vyote hivyo akitazama cherehani. Hakumtaja mtu na mimi sikumuuliza.

"Ngoja nikupe machungwa," nilisema.

Nikayaweka kwenye sinia. Nikaenda kwenye droo, nikakitoa kisu, nikakifungua. Nikakiweka mezani mbele yake, nikaondoa mkono, na kisha, Mungu anisamehe, nikarudi nyuma hatua mbili.

Alikiokota. Akachukua chungwa, akaanza kulimenya. Kisu kilikata vizuri, ganda likatoka mzunguko mmoja mrefu bila kukatika. Nilisimama namtazama mkono wake, nangoja usimame.

"Kisu kizuri hiki," alisema. "Umekinunua wapi?"

Nilikuwa na jibu refu. Nilikuwa na wiki tatu za tupa, na mafuta ya taa, na unga mweusi kwenye kucha. Kopo la vifungo lilikuwa juu ya cherehani, ningelifungua tu angeona pembe ya baba yake. Lakini alikuwa ameshauliza umekinunua wapi.

"Sokoni," nilisema.

"Siku hizi kila kitu kipo." Alijaribu kukiweka sawa mkononi, kidole gumba kikatafuta pa kukaa na hakikupata. "Ila mpini wake mdogo kidogo. Wa kike."

Alikula machungwa mawili. Alikifuta kisu kwenye suruali, upande huu na upande huu, kama alivyokuwa akifanya siku zote, akakikunja. Tok. Hakushtuka. Kisha akakiweka mezani, akakisogeza upande wangu, akaondoa mkono.

Nikakiokota, nikakitia kwenye mfuko wa aproni. Mkono ulifanya hivyo wenyewe, kwa mazoea ya nyumbani kwetu, kabla sijajua ninachofanya.

Tulitoka nje. Alipuliza vumbi kwenye tandiko la baiskeli, akabonyeza matairi. Nilikuwa nayajaza upepo kila mwezi. Alisema asante kwa kuitunza. Akaishika usukani, akafika mwisho wa uwanja, akasimama.

"Hivi kile kisu cha baba," alisema. "Kile kibovu. Hujakiona popote?"

Hapo nilijua kwamba alikuwa bado anakikumbuka, na moyo ukaniuma zaidi kuliko kama angekuwa amekisahau. Kisu kilikuwa kimenilalia kwenye paja, ncha imejificha ndani kama mzee alivyonifundisha, hainichomi. Ningeweza kukitoa, kukiweka chini pale mchangani kati yetu, na kuondoa mkono. Lakini nilikuwa nimeshakiweka mara moja.

"Ulikiweka chini," nilimwambia.

"Wapi?"

"Mezani."

Mlango ulikuwa wazi. Alichungulia ndani kutoka pale alipo. Juu ya meza kulikuwa na sinia na maganda.

"Mbona sikioni?"

"Nilikiokota."

Aligeuka akanitazama. Alikuwa mkwe wa mama yangu. Mwiko wetu aliufahamu vizuri kuliko Kanisa lilivyopenda. Sijui kama alielewa. Mpaka leo, na yeye alishafariki huko huko, sijui. Alitikisa kichwa kidogo kama mtu anayekubali, akapanda baiskeli, akashika njia ya mjini.

Sikushinda chochote, mtu asidhani hivyo. Nilirudi ndani nikaondoa maganda ya machungwa, nikafuta meza, nikatoa nguo za watu kwenye kiti chake na kuketi hapo. Mahindi nje yalikuwa yameshavunwa, mabua tu ndiyo yaliyokuwa yanasuguana. Nikakitoa kisu, kidole changu kikaingia kwenye kibonde chake sawasawa. Nikakifungua na kukifunga. Nikakifungua na kukifunga, tok, tok, mpaka giza likaingia, nikingoja mtu aniambie acha kelele hizo.